Filamu ya Brenda na Homa ya Mapafu



Mwezi uliopita kamati ya wazazi ilituletea kazi ambayo hatukuitarajia katika uzee wetu. Vijana wa jumuiya yetu hapa Mayfair walikuwa wameomba ruhusa ya kuonyesha filamu katika ukumbi tunaoukodi kwa arusi na hitima, na filamu yenyewe yahusu maisha ya Brenda Fassie, yule mwimbaji aliyefariki hapa Johannesburg mwaka 2004. Baadhi ya wazazi waliposikia jina hilo walishika vichwa. Wengine wakasema waacheni watazame, kwani katika simu zao wanatazama makubwa kuliko hayo. Basi ikaamuliwa kwamba filamu ipelekwe kwanza nyumbani kwa walimu wastaafu, yaani sisi wa nyumba hii, tuitazame hadi mwisho, kisha tutoe shauri.

Tuliitazama usiku wa Alhamisi baada ya Isha, na Ijumaa tukaitazama tena. Shauri tumekwisha kulipeleka, na tutalieleza hapa chini. Lakini filamu ile ilitufungulia jambo jingine ambalo lilikuwa limefungwa katika nyumba hii kwa zaidi ya miaka 20, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mkono unaoandika ni mmoja, ila maneno ni ya nyumba nzima.

Filamu yaitwa Not a Bad Girl, maana yake Si Msichana Mbaya. Mwalimu wa lugha hata akistaafu haachi kuchungulia sentensi, na sisi tulianza na jina hilo kabla hata picha ya kwanza haijatokea. Hakuna mtu asemaye "fulani si mwizi" ila pale ambapo mtaa mzima umekwisha kusema kuwa ni mwizi. Ni jina la kujibu, na aliyesema neno la kwanza hatajwi. Sasa jiulizeni, nani alikuwa amesema kwamba ni mbaya? Magazeti, bila shaka. Majirani pia. Na sisi, wasomaji wa magazeti hayo, tulisema.

Aliyeitengeneza ni Chris Austin, mwaka 1993. Jina hilo huenda msilijue, lakini ndiye aliyetengeneza mwaka 1987 filamu juu ya Abdullah Ibrahim, mpiga piano mkubwa wa Cape Town aliyesilimu katika miaka ya 1960, kwa hiyo si mtu aliyekuja kuwatazama wanamuziki wa nchi hii kwa dirishani. Jambo la kuangalia zaidi ni mwaka. Mwaka 1993 Brenda alikuwa hai, na umri wake haujafika miaka 30 kamili. Leo filamu hii hutazamwa kama kumbukumbu ya marehemu, ilhali ilitengenezwa juu ya mtu aliye hai, ambaye kesho yake ingeweza kuwa vyovyote. Sisi tulioketi sebuleni tulijua yatakayomfika miaka 11 baadaye. Yeye hakujua. Hapo ndipo ugumu wa kuitazama ulipo, kuliko katika mavazi ya jukwaani ambayo wazazi waliyahofia.

Kwa ajili ya vijana waliozaliwa baada yake, na kwa wageni waliofika juzi kutoka nyumbani, tueleze kidogo. Brenda alizaliwa Langa, mtaa wa Waafrika pembeni mwa Cape Town, tarehe 3 Novemba 1964, kitinda mimba katika watoto tisa. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Mama alikuwa mpiga piano, na mtoto alipotimiza miaka mitano tayari alikuwa akiimba mbele ya watalii huku mama akimpigia, nyumba ikapata chochote. Jina lake alipewa kwa kumfuata Brenda Lee, mwimbaji wa Marekani ambaye wenyewe humhesabu miongoni mwa vigogo wa muziki wa kantri. Msishangae. Muziki huo ulisikika sana upande wetu huu wa dunia. Nani wa rika letu, awe wa Tanga, Mombasa au Bujumbura, ambaye hakuisikia sauti ya Jim Reeves redioni? Hapa Afrika Kusini mambo yalizidi, kwani Jim Reeves mwenyewe alikuja kucheza filamu iliyotoka mwaka 1963, tena akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana. Hivyo mtoto wa Langa, ambaye sheria za nchi zilimkataza kukaa hata katika benchi la bustani ya mjini, akapewa jina la binti wa Kizungu wa Georgia. Mambo ya dunia.

Akiwa na miaka 16, mtayarishaji wa muziki aitwaye Koloi Lebona alimsikia akiimba, akamchukua akamleta Soweto akae kwa jamaa zake. Baada ya muda mfupi akawa mwimbaji wa kundi la Big Dudes, na mwaka 1983 wimbo wao wa Weekend Special ukavuma nchi nzima na nje ya nchi. Mwaka 1989 alitoa wimbo juu ya mama aliyepigwa radi akiwa njiani kuteka maji, na wanawake wa vijijini wakajiona humo. Mwaka 1990, mwaka aliofunguliwa Mandela, alimwimbia Mandela, na serikali ya wakati ule ikaupiga marufuku wimbo huo. Kwa hiyo wale wasemao kwamba alikuwa mtu wa anasa tu wanasema nusu ya habari.

Nusu ya pili tunaijua vilevile. Ndoa yake ya mwaka 1989 haikudumu zaidi ya miaka miwili. Ulevi ukaingia, kisha kokeini. Mwaka 1995 alikutwa katika hoteli moja ya Hillbrow, kando yake mwandani wake akiwa maiti kwa sababu ya madawa ya kulevya. Aliingia katika matibabu, akatoka, akaingia tena, akatoka tena.

Hapo tulipotajiwa Hillbrow ndipo sisi wawili tuliponyamaza, kila mmoja akitazama upande wake.

Tulifika Johannesburg mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya mambo hayo, na makao yetu ya kwanza yalikuwa Hillbrow, orofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku za sikukuu za serikali. Wengi wenu mliopita huko mwakumbuka. Wakongo chini, Wanigeria juu, Wamsumbiji kushoto, na sisi Waswahili tukigawana jiko moja familia tatu. Hoteli ile ilikuwa katika mitaa ile ile tuliyopita tukienda kununua mkate. Watu wakiipita walikuwa wakinong'ona, na sisi tuliwaambia wanafunzi wetu kwamba huyo ndiye mfano wa mtu aliyeipoteza neema ya Mwenyezi Mungu. Tulilisema kwa sauti ya darasani, bila wasiwasi.

Mwaka 1998 dada yetu wa Tanga alituletea binti yake, umri miaka 19, amemaliza kidato cha nne, ili akae nasi atafute maisha. Jina lake hatutaliandika. Alituita mjomba na mkaza mjomba kwa adabu zote, akapata kazi katika saluni ya kusuka nywele, na jioni alirudi na mkate na maziwa bila kuagizwa. Alikuwa na sauti. Katika Maulidi ya mwaka wake wa kwanza hapa alisoma kasida, na kina mama waliokuwa wakipakua pilau waliacha miiko wakatulia.

Mwaka huo nchi nzima ilikuwa ikiimba Vulindlela, wimbo ambao Brenda alikuwa ameutoa mwaka 1997 pamoja na Chicco Twala, baada ya watu wengi kusema kwamba amekwisha. Ni wimbo wa mzazi mwenye furaha kwa kuwa mwanawe anaoa, na ulifika hadi kwetu Tanzania ukapigwa katika arusi za watu wasiojua hata neno moja la Kizulu. Binti yetu aliuimba kutwa. Alituuliza maana, nasi kwa kuwa ni walimu tulimweleza kwa kirefu kuliko alivyotaka: vula ni kufungua, indlela ni ndugu wa njia yetu na wa nzela ya Kilingala, kwa hiyo jina la wimbo ni kama kusema "fungua njia". Akacheka, akasema, "Kumbe hata mjomba anaweza kuimba Kizulu." Akatuimbisha. Huo ndio wakati tunaopenda kuukumbuka.

Yaliyofuata hatutayaeleza yote, maana mengi hatukuyaona, na tuliyoyaona tulichagua kutoyaona. Alianza kuimba katika arusi, kisha katika kumbi ambazo si za arusi. Alianza kurudi usiku. Tulimkanya kwa maneno makali. Mwaka 2001 tulipohamia Mayfair yeye hakuja nasi, alibaki Hillbrow na wenzake, na sisi, tuseme kweli, tulipumua. Alipokuja kututembelea alikuwa amekonda, mikono ya nguo mirefu hata wakati wa joto. Mmoja wetu alisema ni ugonjwa. Mmoja wetu alisema ni stara, amerudi katika dini. Hakuna kati yetu aliyesema neno unga, ingawa wote wawili tulitoka Tanga na tulijua vijana wa mitaa yetu walivyokuwa wakimalizika kwa unga huo huo.

Mwezi wa Agosti 2003 tuliitwa hospitali. Alikaa siku tatu, akafariki siku ya nne kabla ya Alfajiri, naye ana miaka 24.

Daktari alitueleza kwa upole. Alisema kwamba unga ukizidi mwilini huifanya pumzi ipungue hadi isimame, kana kwamba mwili umesahau kupumua, na kwamba alipofikishwa hospitali mapafu yalikuwa yamekwisha kuharibika. Katika maneno yake marefu tulichukua neno moja. Tulikwenda katika kibanda cha simu, tukapiga Tanga, tukamwambia dada yetu kwamba mwanawe amefariki kwa homa ya mapafu, kwamba baridi ya Johannesburg ni kali mno mwaka huu. Na baridi kweli ilikuwapo. Tuliwaambia hivyo hivyo waliokuja matangani. Nyinyi wengine mlikuwapo, mkaitikia, mkatupa mkono wa taazia, na baadhi yenu mlijua.

Miezi minane baadaye, tarehe 26 Aprili 2004, Brenda alianguka nyumbani kwake Buccleuch, upande wa kaskazini wa mji huu. Redio zote zilikuwa na habari hiyo. Kwanza watu waliambiwa kwamba moyo umesimama, kisha wakaambiwa kwamba ni pumu. Nelson Mandela alikwenda kumtazama hospitalini, na Winnie Mandela, na Rais Thabo Mbeki. Tarehe 9 Mei akafariki, akiwa na miaka 39. Uchunguzi wa maiti ulipotoka ukasema kwamba sababu ilikuwa kokeini nyingi aliyoitumia usiku ule alioanguka.

Pumu. Tulipolisikia neno hilo redioni mwaka ule tulizima redio tukaenda kulala mapema, wala hatukulizungumza. Wao walikuwa na pumu yao, sisi tulikuwa na homa yetu ya mapafu. Jamaa za Brenda hawakuwa waongo kuliko sisi, wala hatukuwa waongo kuliko wao. Mtu akifiwa hulitafuta neno ambalo atalisema mlangoni bila kuinamisha uso, na viungo vya pumzi vina heshima yake. Ila wao walikuwa na daktari wa serikali na magazeti, kwa hiyo uongo wao uliishi siku chache tu. Wetu umeishi miaka 20 na zaidi.

Mwaka 2006 gazeti moja la hapa lilisimamisha sanamu ya Brenda huko Newtown, mbele ya ukumbi uliokuwa ukiitwa Bassline, kazi ya mchongaji Angus Taylor. Ni sanamu ya shaba, ameketi katika kiti kirefu mbele ya kipaza sauti, na kando yake kimewekwa kiti kingine kitupu ili mpita njia aketi naye. Tulikwenda kuitazama ilipokuwa mpya. Mmoja wetu aliketi katika kile kiti kitupu, akisema kwamba goti linamuuma, na mwenzake akapiga picha. Picha hiyo tunayo. Mtu akiitazama ataona mama wa makamo mwenye baibui, ameketi kando ya mwimbaji wa shaba, analia. Hatukuulizana sababu.

Mwaka 2008 tulikwenda nyumbani. Dada yetu alikuwa amezeeka ghafla. Siku ya pili, tulipokuwa barazani, alitumwa mtoto akalete mandazi, na alipoondoka dada akauliza bila kututazama, "Hivi mwanangu alikufa kwa nini hasa?" Mmoja wetu akajibu, "Si tulikwambia, dada? Mapafu." Akasema, "Haya." Akatumiminia chai. Aliongeza sukari kwa mkono wake mwenyewe, kama tulivyokuwa tukiinywa utotoni, vijiko vitatu, ingawa alijua kwamba sisi ni wenye kisukari. Tuliinywa yote. Dada alifariki mwaka 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hadi leo hatujui kama ile "haya" ilikuwa ya mtu aliyeamini au ya mtu aliyetusamehe.

Sasa turudi katika kamati. Hoja ya wapinzani wa filamu si hoja ya kijinga, na tusingependa vijana waidharau. Dini yetu yatufundisha kuwataja maiti wetu kwa mema yao, na kumsitiri Mwislamu aibu yake. Mzazi mmoja aliuliza kwa uchungu, "Kuna faida gani kuchimbua makosa ya mtu aliyekwisha kurudi kwa Mola wake, awe wa dini yetu au si wa dini yetu?" Ni swali zuri. Tulilifikiri siku mbili. Twaona kwamba sitara ni nguo, na nguo humfunika mwenye mwili. Lakini ile homa yetu ya mapafu ilimfunika nani? Binti alikuwa amekwisha kufunikwa kwa sanda. Tulijifunika sisi: walimu waliokabidhiwa mtoto wa watu, wakapumua alipokataa kuhama nao.

Na wakati sisi tumejifunika, wengine walikuwa wakipita njia ile ile. Nyaope inayouzwa leo katika pembe za mitaa yetu ni unga ule ule uliochanganywa na takataka nyingine. Kuna nyumba tatu katika jumuiya hii ambazo tunazijua zina mtoto aliyeingia humo, na mama wa nyumba moja wapo alitwambia kwamba hajamwambia mtu kwa kuwa "haya mambo kwetu Waswahili hayajawahi kutokea". Alisema hivyo katika sebule yetu. Tulimtazama, na tungeweza kumjibu wakati ule ule, na hatukumjibu. Mwanawe bado yu hai, Alhamdulillahi. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni vijana wanaotaka kuuacha unga, na katika Unguja ziko nyumba ambamo wanaoacha wanakaa pamoja wakisaidiana. Nyumbani wamethubutu kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Sisi wa ughaibuni ndio tuliobaki na Tanga ya mwaka 1996 vichwani mwetu.

Mmoja wa vijana alituuliza kwa nini tunajali filamu ya mwimbaji wa Kixhosa badala ya yetu. Nasi tukamkumbusha Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja, ambaye Andy Jones wa Uingereza alimtengenezea filamu mwaka 2006. Yule bibi alivuta sigara yake mbele ya kamera bila kumwomba mtu radhi, na Wazanzibari walitofautiana juu yake vilevile: hawa wakiona aibu, hawa wakiona fahari. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 viongozi wa nchi walikuwa mazikoni. Miaka miwili baadaye Jones akatoa filamu ya pili juu ya siku za mwisho za bibi yule, pale alipoondolewa machoni mwa watu, na swali lililobaki likawa ni nani aliyekuwa akimtunza na nani aliyekuwa akimla. Swali hilo lafaa kuulizwa kwa Brenda pia. Watu wangapi walikula kwa sauti ya mtoto yule tangu ana miaka mitano? Na sisi katika nyumba hii, nani aliyekula mkate na maziwa yale ya jioni kwa miaka mitatu?

Shauri letu kwa kamati lilikuwa hili. Filamu ionyeshwe, si katika chumba cha madrasa bali katika ukumbi, kwa vijana wa miaka 16 na zaidi, na wazazi waje pia, hasa baba zao, ambao hupenda kubaki nje wakizungumza mpira. Suala la hukumu ya muziki tuliwaachia mashekhe, kwani si letu. Tuliomba pia kwamba baada ya filamu mtu asimame aeleze habari ya binti mmoja wa Tanga aliyefariki hapa mwaka 2003, na alichofariki nacho. Mwenyekiti aliuliza nani atakayesimama. Tulisema tutasimama sisi. Pakawa kimya kidogo. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa filamu, akasema kwamba yeye ndiye aliyeosha maiti ya mume wa jirani yake mwaka 2003, miezi michache kabla ya msiba wetu, na kwamba huyo naye alikuwa wa "mapafu". Bado haafiki filamu. Lakini atakuja.

Kabla ya kuandika ukurasa huu tulimpigia simu kaka wa marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba ile ya Tanga, kwani mtu haandiki juu ya maiti wa watu bila idhini. Tulimweleza yote, tangu saluni hadi hospitali, na ilituchukua muda mrefu, simu ikakatika mara mbili. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, andikeni. Jina tu msiliandike." Tukamwuliza kama mama yake alijua. Akasema, "Mama hakuwahi kulizungumza. Ila kila mwaka baridi ikija alikuwa akisema, baridi haiui."

Tumempelekea ile picha ya Newtown kwa simu. Aliyejibu si yeye bali ni binti yake wa miaka 14, ambaye inasemekana ana sauti ya shangazi yake. Anauliza yule mama wa shaba ni nani, na kwa nini bibi ameketi kando yake akilia. Tumeanza kumwandikia. Tumefika Langa, mwaka 1964.